Siku Niliyonunua Uji wa Mwanangu Mnadani

Kuna aibu mtu anaweza kuzifungia moyoni akafa nazo, na kuna aibu ambazo hata ukizificha, kanisa zima kule Kikwe litakusemea, kwa hiyo bora niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imetiwa chumvi. Ingawa hii, kusema kweli, haihitaji chumvi. Mimi ndiye yule Mpare aliyenunua uji wa mtoto wake mwenyewe kwenye mnada wa kanisa, mbele ya mama mkwe, tena nikiwa nimevaa suti.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Upendo alikuwa amepata kazi mpya ya zamu, leo mchana kesho usiku, na mtoto wetu Ebeneza (sisi tunamwita Eba) ndio kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na dada wa kazi alishaaga anakwenda kwao kuolewa, kwa hiyo mtu pekee wa kutuokoa alikuwa mama yake Upendo, anayeishi Kikwe na ng'ombe wake wawili. Tukapanga niende Jumapili mimi na Eba, nisali na mama, nile kwake, halafu kwa adabu zote za mkwe nimwombe aje Njiro akae nasi. Kazi ilikuwa hiyo tu. Akikataa, Upendo anaacha kazi.

Tatizo ni kwamba sisi na mama hatukuwa tumekaa sawa tangu Krismasi. Krismasi bibi alimlisha mjukuu wake loshoro, zile ndizi na mahindi yanayopondwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, Eba akaila kama mtu aliyetoka jela, na usiku tumbo likamharibikia mpaka asubuhi. Upendo kwa uchovu wake akamwambia mama yake kwamba mtoto hajazoea vyakula vya huku. Tangu siku hiyo mama akipiga simu anauliza, "Mjukuu wangu bado anakula vya mjini?" na anakata kabla hujajibu.

Kwa hiyo Upendo akaniagiza, "Eba ale uji wake na boga nililomsagia. Na mama asijue kabisa kama umebeba chakula. Akijua atasema tunamdharau, na Njiro haji."

Nikamuuliza sasa nitabebaje chakula cha mtoto kwenda kwa bibi yake bila bibi kujua. Akasema, "Wewe si baba wa familia? Tumia akili."

Akili nikaitumia, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nilichukua kikapu kizuri cha ukindu, chini nikapanga chupa ya chai yenye uji wa moto, bakuli la boga, kijiko, na kile kikombe chekundu cha Eba chenye masikio mawili, juu nikafunika kitenge, na juu ya kitenge nikalaza chane ya ndizi mbivu na mayai machache ya kienyeji. Kikapendeza. Nikakizunguka pale mezani kama fundi anayeangalia kabati alilomaliza, kwa sababu mtu yeyote akikiona angesema huyu kijana anapeleka zawadi ukweni. Mpango ulikuwa nisimame Tengeru, nimlishe Eba ndani ya gari, nifute mdomo, ushahidi uishie hapo.

Lakini Eba alilala hata Njiro hatujaimaliza. Na mtoto aliyelala haamshwi (wazazi mnanielewa), tena nilikuwa kwenye gari la kuazima lenye viti vyeupe vya kitambaa, mwenye gari kanikabidhi funguo huku anamwangalia mtoto badala ya kuniangalia mimi. Nikaipita Tengeru. Nikaacha lami, nikala vumbi la Kikwe, na nilipofika kanisani wimbo wa kwanza ulishaanza na jua lilishakuwa kali. Nikawaza, boga hili nikiliacha garini litachacha. Basi Eba begani, kikapu mkononi, nikaingia.

Sasa mjue kwamba mimi nimekulia kwa Wasabato huko Same, na mambo ya Walutheri mengi nilikuwa nayasikia tu. Pale mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza vikapu, maboga, kuku amefungwa miguu, ndoo ya maziwa. Mimi nikajua ndipo watu wanapoweka mizigo. Mama mmoja wa kwaya aliyevaa kitenge cha zambarau akanipokea kwa tabasamu, "Karibu baba, weka hapa." Nikaweka. Nikamshukuru hata. Nikaenda kukaa karibu na mama mkwe, nikamwamkia kwa kunong'ona, naye akaitikia "Marahaba" huku akiangalia mbele.

Ilipofika sadaka ya mazao kwaya ikaanza kuimba, wakina mama wakatoka mlangoni wanacheza, vikapu kichwani, wanakuja madhabahuni taratibu, na mimi (nilikuwa nimefurahi, sijawahi kuona ibada imechangamka hivyo) nikasimama nikapiga makofi. Nilipiga makofi kwa nguvu mpaka mama wa zambarau akafika usawa wangu, nikaiona ile chane ya ndizi juu ya kichwa chake, nikajisemea, mbona zinafanana na zangu. Makofi yakaniishia mikononi.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Usimamishe kwaya, ueleze kwamba kile ni chakula cha siri? Kabla sijaamua, mama mkwe akaniwekea mkono begani. Mara ya kwanza tangu Krismasi aliniangalia machoni.

"Kumbe umeleta sadaka, mkwe wangu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema, "Ni kidogo tu, mama."

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada, ambako sadaka zote za mazao zinauzwa ili ziwe hela ya kanisa, na Eba akaamka. Aliamka na njaa ya safari nzima. Mama mkwe akambeba, akamtikisa, akamwimbia, wapi. "Huyu ana njaa," akasema. "Twende nyumbani, chakula kipo." Nami najua chakula chenyewe ni loshoro, na najua kile kikapu kikinunuliwa na mtu kikafunuliwa hadharani, nimekwisha. Nikamwambia, "Mama, subiri kidogo, kuna kitu nataka kununua."

Akaniangalia vizuri. Mpare, sisi tunaosemwa kwa ubahili, anataka kununua.

Muuzaji alikuwa mzee wa kanisa mmoja anaitwa Mzee Anaeli, mrefu, mwenye kofia, na sauti ambayo haihitaji spika. Akauza kuku, akauza maziwa, akauza maboga, Eba analia, na mimi natoka jasho ndani ya suti. Hatimaye akanyanyua kikapu changu. "Ndizi, mayai, na chini kuna kitu kizito," akasema, akaanza kufunua kitenge.

"Kiuze kama kilivyo, mzee," nikapaza sauti. "Nakichukua chote."

Mama wa zambarau akapanda dau. Nikapanda. Akapanda tena, kumbe alikuwa amezipenda zile ndizi tangu mlangoni. Nikapanda nikiwa nimeshaingia kwenye hela ya mafuta ya kurudia. Watu wakaanza kugeuka kunitazama, na mama mkwe akanivuta mkono wa koti.

"Mwanangu, si ndicho ulicholeta wewe?"

"Ndicho, mama."

"Sasa unanunuaje sadaka yako?"

Sijui yale maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Kwetu Upareni ndio heshima yenyewe, mama. Mtu ananunua alichotoa."

Mzee Anaeli masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Akawatangazia watu wote, "Mnasikia? Wapare wanatoa sadaka halafu wanarudi nayo nyumbani. Ndiyo maana hawafilisiki." Uwanja ukacheka, mama wa zambarau akashindwa kupandisha tena kwa kicheko, na kikapu kikawa changu. Nikanyoosha mikono nikipokee. Nilikuwa nimeshaugusa mshikio wake, naapa.

Lakini mama mkwe alikuwa amejaa fahari. Kwa miaka yote alikuwa anataniwa na wenzake kwamba binti yake ameolewa na bahili, na leo mkwe wake amepambana mnadani mbele ya usharika. Akamnyanyua Eba juu, akasema kwa sauti, "Na mkwe wangu anampa mchungaji!"

Vigelegele. Mimi sikujua kama hilo nalo lipo, mtu kununua kitu na kumzawadia mchungaji palepale, lakini lipo, na linapendwa sana. Mchungaji akaja, mtu mpole, akanishika mkono, akaniombea baraka, kisha kwa heshima ya mtoaji akafungua zawadi yake mbele ya watu. Akatoa ndizi. Akatoa mayai. Akafunua kitenge, akatoa chupa ya chai, akafungua kifuniko, akanusa.

"Ni uji," akasema, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. Akatoa bakuli la boga. Halafu akatoa kikombe chekundu chenye masikio mawili.

Eba wakati huo alikuwa na maneno mawili tu duniani. Moja ni gari. Lingine akalisema hapo, kwa mikono yote miwili, akijirusha kutoka kifuani kwa bibi yake mpaka karibu aanguke.

"Uji!"

Mama mkwe akakitazama kikombe. Kile kikombe alikinunua yeye mwenyewe sokoni Tengeru, Eba akiwa wa miezi sita, na sikio moja lilikuwa na alama za meno ya mjukuu wake. Akakitazama, akanitazama, akakitazama tena. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, ambavyo siku hiyo nilivijua vizuri kuliko siku zote.

Mzee Anaeli ndiye aliyesema wa kwanza. "Hebu nielewe," akasema taratibu. "Mpare ametoa uji wa mtoto sadaka, akaununua, halafu akamgawia mchungaji. Na mtoto bado hajala."

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Niseme tu mchungaji alishika meza, na yule kuku aliyekuwa ameshauzwa alikata kamba akakimbia, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfuata. Mama mkwe peke yake hakucheka. Mchungaji alipomrudishia chupa, akakaa kwenye benchi, akammiminia Eba, akauonja kwanza kwa ncha ya kidole. "Una sukari nyingi," akasema. Kisha akainuka, tukaenda kwake.

Nyumbani nilikula kichwa kikiwa chini, na nilipomaliza nikaona nimwombe tu, aibu zaidi ya ile haipo. Nikaeleza kazi ya Upendo, zamu, dada aliyeondoka. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Nije Njiro kufanya nini? Chakula si mnacho."

Iliniuma, kwa sababu alikuwa ameumia kweli, na aliyemuumiza ni mimi na kikapu changu. Nikamwambia, "Mama, Upendo anakuogopa mpaka anaficha uji. Mimi nakuogopa mpaka naununua. Tunakuhitaji, basi tu hatujui kuomba."

Akaangalia pembeni. Akamega loshoro, akaipooza, akamlisha Eba kidogo kidogo, na Eba akala yote juu ya uji wake, na tumbo (hili Upendo mpaka leo hajui, na msimwambie) halikumfanya chochote. Wakati wa kuondoka mama akasema tu, "Msalimie mwenzio." Nikarudi Njiro sijui kama nimekubaliwa au nimefukuzwa, natembeza gari la watu polepole ili mafuta yanifikishe.

Tangu siku hiyo nimeapa: chakula cha mwanangu nabeba kwenye kontena linaloonyesha kila kilichomo ndani, na juu nimeandika UJI kwa maandishi makubwa. Kanisani nalipakata, na kwaya ikianza kucheza kuja mbele nalikumbatia kama linataka kuibwa.

Jumamosi moja baadaye bodaboda ikasimama getini kwetu, akashuka mama mkwe na begi lake, na kikapu. Upendo alimkumbatia mpaka kilemba kikamvuka. Mimi nikapokea kikapu, juu kina ndizi, chini ya ndizi kitenge, na uzito wake haukuwa wa ndizi.

"Hicho kiache, nitakitoa mwenyewe," mama akasema haraka kidogo.

Nimeshajifunza kuujua uzito huo. Nikakiweka juu ya meza, nikafunua. Chini palikuwa na dumu la maziwa ya mgando, unga wake mwenyewe, na chupa ya chai imejaa. Mama akawa anaangalia dirishani.

"Vya kwenye friji vinanivuruga tumbo," akasema. "Sikutaka mjisikie vibaya."

Upendo akafunika mdomo. Mimi nikainyanyua ile chupa juu, nikaiga sauti ya Mzee Anaeli kadiri nilivyoweza, nikauliza nani anaanza bei.

Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Mimi," akasema, "na simpi mchungaji."