Wategemezi Wasiozidi Wanne

Uongozi wa kiwanda, kwa masikitiko makubwa, unawatangazia wafanyakazi wote na umma kwa ujumla kwamba Ndugu Florian Kahigwa, Meneja wa Fedha, amefariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kwamba ameacha mjane mmoja na watoto wanne. Na kwamba taarifa hizi zimehakikiwa na ofisi. Tangazo lilibandikwa getini Nyakato Jumatatu asubuhi, likagongwa mhuri mara mbili, kwa kuwa ule wa kwanza haukukolea.

Kiwanda hicho kinakamua mafuta ya mbegu za pamba, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna karatasi iliyopita pale bila Kahigwa kuisoma hadi mgongoni. Barua isiyo na tarehe aliirudisha. Inasemekana aliwahi kujinyima likizo, kwa sababu barua ya maombi, aliyoiandika mwenyewe, ilikosa kumbukumbu namba. Saa kumi na moja jioni alifunga droo, akavaa kofia, akarudi kwake Buzuruga. Hakuwa mtu wa baa, na kwenye vikao alizungumza pale tu alipoulizwa.

Majirani wa Buzuruga walikuwa na swali moja juu yake, na hawakuwahi kulijibu: mle ndani wanakaa watu wangapi? Mlangoni palikuwa na ndala nyingi kuliko duka la ndala. Asubuhi walitoka watoto wa sare za shule tatu tofauti. Jioni walirudi, na wakati mwingine walionekana kuongezeka njiani. Mkewe, Prudencia, alipika kwenye sufuria za aina ile inayokodishwa kwa ajili ya harusi. Mtu akimuuliza Kahigwa mko wangapi, alijibu, "Tupo," na kuulizia hali ya mvua.

Swali hilo lilihitaji jibu rasmi siku ya pili ya msiba, kwa sababu wasifu wa marehemu ulitakiwa uchapwe kabla ya jioni. Kazi ya kuuandika alipewa Josepha, binti yake wa kwanza, mwalimu wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na sita ambaye hapendi sentensi zenye shaka. Alikaa sebuleni na daftari. Pembeni yake, chini ya dirisha, Dorcas alikuwa ameweka cherehani na jora la kitenge cheusi chenye maua meupe, la sare za msiba. Dorcas ana banda la ushonaji karibu na stendi ya Buzuruga. Alifika katika nyumba ile akiwa na miaka tisa, kwa meli kutoka Nansio, ameshika barua ya bibi yake iliyoomba apokelewe kwa muhula mmoja tu. Muhula huo ulikuwa unatimiza mwaka wa kumi na tisa.

"Mama," Dorcas aliuliza, mkasi mkononi, "sare za watoto nikate ngapi?"

Prudencia alimtazama, kisha akatazama mlangoni, zilipokuwa ndala.

Ndipo akaingia Queen, afisa utumishi wa kiwanda, msichana mwenye adabu, amekumbatia faili nene kama anayebeba mtoto wa mtu.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Karibu ukae."

Queen alikaa kwenye ncha ya kiti. Alieleza kwamba lile tangazo la getini limetokana na fomu ya bima ya matibabu, kwani ndiyo kumbukumbu pekee ya familia iliyomo ofisini. Fomu ya mwaka huu ina majina manne. Akayasoma: Obedi, Sabina, Ngosha, Dorotea.

Josepha aliweka kalamu chini. Prudencia amezaa watoto watatu: Josepha, Alexander na Precious. Katika watoto wanne waliohakikiwa na ofisi, hakukuwa na hata mmoja wao.

"Mimi simo?" aliuliza Josepha.

"Wewe dada umevuka miaka kumi na minane, hufai," alisema Queen kwa upole. "Ila kuna fomu za nyuma. Ziko ishirini na mbili. Na ndizo zilizonileta, maana sizielewi."

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mzee Mashimba, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ni jirani, ni Msukuma, na kwa miaka mingi yeye na Kahigwa walitaniana kiasi kwamba wageni walidhani wana kesi.

"Lete hapa," alisema. "Nshomile huyu, msomi wa Kagera! Watu wengine wanaacha ng'ombe, yeye kaacha fomu."

Walizipanga mezani mwaka baada ya mwaka. Kanuni ya kiwanda iko wazi: mfanyakazi, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne, majina yabadilishwe kila Januari ikibidi. Kahigwa hakuwahi kuandika jina la tano. Alichofanya ni kutii sehemu ya pili ya kanuni kwa moyo wote. Kila mwaka majina yalikuwa mengine. Josepha, mtu wa hesabu kama baba yake, aliyahesabu: majina thelathini na moja. Humo alimwona mtoto wa mlinzi wa kiwanda aliyefariki, watoto wa shangazi wa Kamachumu, na pacha wawili ambao hakuna aliyekumbuka walitoka wapi ila wote walikumbuka walivyokula.

"Aliwachaguaje?" aliuliza Queen.

Walitazamana kama watu wanaokumbuka jambo moja kwa pamoja.

"Tochi," alisema Josepha.

Kila Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya chakula, Kahigwa aliwapanga watoto ukutani na kuwamulika. Fungua mdomo. Kohoa. Soma maandishi ya kalenda ile kutoka hapo ulipo. Alichungulia meno, masikio, akasikiliza vifua kwa sikio lake mwenyewe, kisha akaingia chumbani na kuandika. Wenye meno mabovu, vifua vibovu na macho mabovu waliingia kwenye fomu ya mwaka mpya. Wazima walitibiwa kwa mfuko wake wa shati, wakiumwa.

"Mwaka wa elfu mbili na nne nilipata malaria mara tatu," alisema Josepha akiangalia fomu ya mwaka huo. "Sikuwemo. Mwanaye wa kumzaa! Na mimi nikadhani ile tochi ni upendo."

"Ulikuwa upendo," alisema Prudencia. "Wa zamu."

Mashimba alicheka mpaka akakumbuka yuko msibani, akakohoa.

Dorcas hakucheka. Aliinuka, akapitia fomu kuanzia mwaka aliofika hadi mwaka alipotimiza kumi na minane. Alizipitia tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, polepole, kidole kikishuka kwenye majina. Kisha akarudi kwenye cherehani.

"Mimi sikuwahi kuwekwa," alisema. "Hata mara moja."

"Wewe hukuwahi kuumwa, mama," alisema Mashimba. "Ulikuwa chuma cha reli."

"Niliumwa sana, baba. Kifua. Kila Desemba nilikuwa nakibana. Nilikuwa namwona anatafuta wagonjwa, nikajua anataka kuwarudisha kwao. Mimi sikutaka kurudi Nansio. Basi nikawa nashikilia pumzi mpaka tochi ipite."

Meneja wa Fedha aliyeirudisha barua isiyo na tarehe alikuwa amezidiwa ujanja na mtoto wa miaka tisa, na hakugundua.

Dorcas alifungua jora. "Mimi nitavaa khanga, nisimame na majirani. Siyo neno. Mama, niambie tu za watoto nikate ngapi."

"Kata," alisema Prudencia, "anza na yako. Halafu kata mpaka kitambaa kiishe."

Josepha alichukua kalamu, akaandika: Marehemu ameacha mjane na watoto. Akaweka nukta.

"Wangapi?" aliuliza Mashimba, akichungulia begani kwake. "Wasifu wa mtu wa fedha hauna tarakimu? Mtamwaibisha huko aliko. Atausahihisha."

"Asahihishe," alisema Josepha.

Queen aliuliza kama basi na tangazo la getini libadilishwe. Jioni alirudi na jibu la ofisi: haiwezekani, kwani mabadiliko yoyote ya taarifa za mfanyakazi yanahitaji saini ya mfanyakazi mwenyewe.

Walimzika Alhamisi, shambani kwake Buswelu. Wazee wa ukoo walikuwa wamesafiri usiku kucha kwa basi kudai azikwe kwao Kagera, kwenye migomba ya baba yake, lakini walipofika Buswelu wakakuta ekari nzima ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, wakaizunguka mara mbili na kukosa hoja.

Mashimba, akiwa na kipaza sauti, alimwita mjane, kisha akawaita watoto wa marehemu. Prudencia alimshika Dorcas mkono na kumtanguliza. Kitenge kilikuwa kimeishia kwenye sare ya kumi na tisa, kwa hiyo waliofuata walivaa walichokuja nacho. Baadhi walikuwa na ndevu, na mmoja alikuwa na watoto wake.

Ratiba iliyochapwa na kiwanda iliwapa watoto dakika tano za kutia udongo. Padri alisimama kuendelea na sala baada ya dakika thelathini na nane.