Pigo Lisilosikika

Nakumbuka Jumamosi moja pale Tooting, huku ughaibuni, mwanangu, siku niliyokosea kwa sababu ya furaha. Najua utacheka: mama mdogo naye amekuwa mzee wa kutoa nasaha tangu lini? Hata miaka arobaini sijafika. Lakini mtoto wa dada ni wako, na mvi nyingine huota moyoni kabla ya kichwani. Basi nisikilize, kisha unijibu kwa Kiingereza chako kama kawaida.

Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi zangu zote zilikuwa za Mama Saroja, mjane wa Kitamil aliyefundisha uimbaji wa kwao, ule wa kusini mwa India, kwa miaka mingi. Kiharusi kilikuwa kimeulegeza mkono wake wa kulia. Siku ya kwanza, nikimvisha soksi, aliniambia kwamba maisha yake yote ameyatoa kwa raga. Mimi mtoto wa Nakuru, raga ninayoijua ni ile ya kukimbia na mpira kwapani. Nikapima kimo chake kwa macho, nikamwuliza kwa heshima alikuwa akicheza namba gani. Alicheka mpaka soksi ikamvuka. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila kuna maswali yanayokufungulia mlango kwa kukuangusha ndani.

Basi akaanza kunifundisha. Raga yake ni sauti chache zenye adabu zao: ipi ipande, ipi ishuke, ipi itikiswe, ipi ipitwe tu. Aliniimbia moja yenye sauti tano. Nikadakia kwamba hizo tano ndizo za nyimbo zetu za kanisani, kwa hiyo tayari naijua. Hakukasirika. Alisema ndugu wawili wanaweza kuwa na sura moja, lakini mama yao akiwa jikoni husikia nyayo kwenye ngazi akajua ni nani anayeshuka. Raga ni zile nyayo. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima, mimi ambaye shule yangu iliishia kidato cha nne, na alama zenyewe usiniulize.

Na nyayo zinahitaji sakafu. Sakafu hiyo huitwa tala, yaani mpangilio wa mapigo. Aliyonifunza ina mapigo manane, na unayahesabu kwa mkono juu ya paja: kofi, kisha kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja kitazame juu, kofi, geuza tena. Halafu unarudi mwanzo kwa mwendo uleule. Nilihesabu nikiosha vyombo, nikahesabu ndani ya basi mpaka abiria mmoja akahama kiti.

Sasa, Jumamosi hiyo wanafunzi wake wa zamani walikuwa wanakuja kumsikiliza, mara ya kwanza tangu augue. Alikuwa ameniambia wazi kwamba akishindwa siku hiyo, haimbi tena mbele za watu. Na kwa kuwa mkono wake haukuweza kushika tala, aliniomba mimi niwe mkono wake. Usingizi wote ulinipaa kwa furaha. Nilijiona tayari niko jukwaani, nimevaa hariri.

Walikaa sebuleni, wametandaziwa shuka. Mama Saroja akafumba macho, akaanza. Sauti ilitoka nyembamba, ikapata joto, na mimi nikapata joto zaidi. Makofi yangu yalilia vizuri, vidole vikacheza. Lakini kule kugeuza kiganja, ambako hakuna mlio wowote, nilikuwa nakuruka ili niwahi kofi linalofuata. Duru moja, mbili, tatu. Ngoma ikilia sana hupasuka. Akaanza kuhema, sauti ikamkatika, akanyamaza.

Mwanafunzi mmoja, daktari wa meno mwenye kitambi, akajaribu kupunguza aibu.

"Mwalimu, hii ni tala au treni ya kasi ya Ilford?"

Wakacheka kidogo. Mimi nilitamani shuka linifunike. Mama Saroja aliuchukua mkono wangu kwa mkono wake mzima.

"Umekula pumzi yangu," akasema polepole.

"Nisamehe, Mama. Nimekosea pigo gani?"

"Lile usilolisikia. Unadhani halipo kwa kuwa halilii. Binti yangu, hapo ndipo ninapopumua."

Aliugeuza mkono wangu kiganja juu, akaushikilia hapo, akavuta pumzi, akauachia. Kisha akaanza upya. Safari hii niliacha kujisikiliza, nikamtazama mabega. Yakipanda, kiganja changu kiko juu, kinangoja. Aliimba mpaka mwisho. Daktari wa meno ndiye aliyelia kwanza, halafu mimi, na mwimbaji mwenyewe akaomba chai.

Aliimba mara nyingi baada ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa mkono wake.

Basi, mwanangu, mwenda pole hajikwai, lakini nakuomba jambo zaidi ya upole wa mwendo. Unapokwenda na mtu, jua anapumulia wapi, na mahali hapo usipapite mbio, hata ukiwa na furaha, hata ukiwa na mapenzi. Maana mapenzi yenye haraka nayo huumiza. Nyanya yako akikupigia simu kutoka Nakuru akanyamaza katikati, usidhani amemaliza, usikimbilie kumuaga. Yupo, anavuta maneno. Mama yako akirudi kutoka zamu yake wodini akakaa bila kusema kitu, usimwulize ana nini. Kaa naye. Ukimya huo ni sehemu ya mazungumzo, na una urefu wake kamili kama neno lolote.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akujalie watu watakaokungoja unapoivuta.