Maswali Yangu, Majibu ya Yaya

Enzi zetu kule mtaani Bigo, hakuna mtoto aliyejua sombe ya mashine, hii mboga ya majani ya mihogo ya leo inayouzwa sokoni ndani ya vifuko vya sashe, laini utadhani mafuta ya kujipaka. Tulitwanga. Na tulipotwanga tulisali, maana Mama hakupenda kuona kinywa kinakaa bure. "Kinywa bila kazi kitaanza kusengenya majirani," alisema, ingawa yeye mwenyewe aliwasengenya akiwa na kazi zote mikononi.

Basi mwaka ule tulipojitayarisha kwa komunyo ya kwanza, mimi na dada yangu Furaha, yaya wangu aliyenitangulia kuzaliwa kidogo tu, Mama aliihamishia katekisimu kwenye kinu. Kinu kimoja, michi miwili. Mimi nashusha wangu: "Nani aliyekuumba?" Pu! Yaya anashusha wake: "Mungu ndiye aliyeniumba!" Pu! "Mungu yuko wapi?" Pu! "Mungu yuko mahali pote!" Pu! Majani yanaruka, vitunguu vinatutoa machozi, vidole vinanuka pilipili, na mpita njia anaitika "Amina" bila kusimama. Uumbaji, dhambi, sakramenti, vyote viliingia ndani ya sombe. Ndiyo maana ilikuwa tamu vile, hamtaniambia kitu.

Siku ya mtihani ikafika. Aliyeshindwa angengoja hadi mwaka mwingine, na kwetu nyumbani hapakuwa na nafasi ya kungoja: kanzu zetu mbili nyeupe zilikwisha kushonwa, na shangazi alikwisha kutoka Iga Barrière na jogoo kwapani. Yaya akaingia kwa padri, akatoka meno yote nje. Nikaingia mimi.

"Nani aliyekuumba?" padri akauliza.

"Mungu yuko wapi?" nikaitika kwa sauti kubwa.

Akanitazama kwa huruma. Nadhani alifikiri nimepatwa na taabu nyumbani. "Mungu yuko mahali pote, mutoto wangu."

"Tunamwona?"

"Hatumwoni, lakini yeye anatuona."

"Kwa nini alituumba?"

Alijibu vizuri sana, siwezi kumsingizia. Tulikuwa tumefika kwenye amri za Mungu ndipo aliposhtuka, akavua miwani. "Ngoja kwanza! Hapa nani iko anamufanyia mwenzake ekzame?"

Ole wangu! Hapo ndipo nilipofahamu msiba wangu: mimi nilikuwa na maswali tu. Majibu yote yalikuwa kwa yaya, huko nje, anacheka. Niliangua kilio cha mfiwa. Niliiona kanzu yangu ikioza ndani ya valizi chini ya kitanda, jogoo akiliwa kwa heshima ya yaya peke yake, na mimi nikipewa shingo.

Yaya kusikia kilio, akaingia bila hodi. "Mon père, usimuache! Ule anajuaka yote. Ni kinu tu haiko hapa."

Padri alicheka mpaka akajipangusa macho. Akatupeleka jikoni kwa masista, ambako mpishi alikuwa akililia beseni zima la majani ya mihogo. "Badilisheni," akaamuru. "Mukubwa aulize, mudogo ajibu."

Nikashika mchi. Kichwa kilikuwa kitupu kama tumbo la Kwaresima. Yaya akauliza, pu! Mkono wangu uliposhuka, jibu likatoka lenyewe. Na la pili. Na la tatu. Kumbe yote yalikuwemo, nilikuwa nimeyasikia kila jioni bila kujua kwamba ni yangu pia. Beseni likaisha kabla ya sakramenti, na mpishi, mjanja yule, akakimbia kuleta lingine. Masista walikula sombe siku hiyo. Nami siku ya komunyo nilikula paja la jogoo, na yaya la pili.

Leo mwanangu anajitayarisha kwa komunyo yake. Nikimwuliza Mungu ni nani, anashika simu: "Ngoja, mama, rezo iko inasumbua." Jamani! Mungu wetu siye hakutafutwa kwa mtandao wa simu. Wanafundishwa kwa kuchora na kuelezana yaliyo moyoni, na ni vizuri, sikatai. Hata siye nusu ya majibu yale hatukuyaelewa. Lakini nilipomzika Mama, lile la uzima wa milele lilipanda lenyewe mdomoni, na nililihitaji sana.

Yaya sasa yuko Ariwara, anauza vitenge. Miaka imepita hatujaonana, kwani tangu usalama upotee, njia ya kule si tena ya kuamka tu na kwenda. Kinu kilibaki kwangu, kuku wanakilalia. Jana nilimpigia simu ili mwanangu asikie maajabu. Hata salamu sikutoa.

"Mungu yuko wapi?"

"Mungu yuko mahali pote!" akaitika papo hapo, katikati ya kelele za soko. Mwanangu akaanguka kwa kicheko.

Kisha yaya, ambaye tangu utoto kazi yake ilikuwa kujibu, akauliza: "Na weye, mudogo wangu, utakuja lini?"

Hilo hatukuwahi kulitwanga. Nikanyanyua mkono, hauna mchi. Nikarudi mwanzo.

"Nani aliyekuumba?"

Akacheka, akajibu.