Singo ya Jiwe la Uluguru

Mjukuu wangu anasomea mawe chuo kikuu. Mtu akiniuliza namwambia hivyohivyo, namtazama usoni kama atathubutu kucheka. Mawe, ndiyo. Anapanda milima na nyundo, anagonga, anarudi na begi la kumvunja mgongo na magoti yamechubuka. Mimi niliishia darasa la nne. Nauza singo ya kusugulia ngozi, liwa, udi na hina kwenye baraza ya nyumba yetu ya urithi hapa Kariakoo, na nimewasinga mabibi harusi ambao leo wananiletea binti zao niwasinge. Katika ukoo wetu sijaona mtu anayeipenda kazi yake kama huyu mtoto.

Siku ninayoisema alikuja asubuhi na kopo moja la plastiki. Ndani mlikuwa na jiwe la milima ya Uluguru, limeshapondwa chuoni likawa chenga laini, linametameta kwa ulanga, na katikati zimo punje nyekundu kama komamanga. Mwenyewe anaziita ganeti. Jiwe lile alilipata sehemu moja tu, juu porini, na wakati anashuka mvua ikaporomosha njia nyuma yake. Mwalimu wake alikuwa anasafiri jioni ileile kulipeleka nje, kwenye mashine inayosoma umri wa mawe. Bila kopo lile, masomo yake ya miaka yote yalikuwa hayana mwisho.

"Bibi, niwekee mahali pazuri, nikaoge."

Mahali pazuri kwangu ni rafu ya singo. Nikaliweka hapo, nikaingia ndani kuchemsha chai. Barazani akabaki mdogo wangu, ambaye macho yamechoka na miwani havai, anasema inamzeesha.

Narudi, rafuni pako wazi.

"Ile mpya inayong'aa?" mdogo wangu akasema, ametulia tuli. "Imeondoka. Kaichukua yule somo wa Ilala, anayefunda mabibi harusi, ana mmoja ndani. Kainusa, kaisugua mkononi, kasema hii ndiyo ya kisasa."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga mbichi. Hakulia. Alikaa chini pale kizingitini, akayatazama maji yanayomdondoka miguuni. Afadhali angelia.

"Si mchanga tu, mwanangu?" mdogo wangu akamwambia, nilipomweleza kilichokuwamo koponi. "Ufukweni umejaa."

"Wewe vaa miwani," nikamjibu. Nikamwinua mtoto. "Mke mwenzangu, vaa nguo twende."

Tukapanda bajaji. Njiani, ili asizame kwenye mawazo, nikamwuliza hizo punje zinajuaje umri. Akanieleza kwa sauti ndogo. Milima inapozaliwa, ardhi hubanwa, mawe yakashushwa chini sana, yakapikwa na joto mpaka yakageuka kuwa mawe mengine. Ganeti humea humo, hunenepa tabaka juu ya tabaka. Na ndani yake mna kitu kinachobadilika kidogo kidogo kuwa kitu kingine, hakina haraka, hakisimami. Ukipima kilichobadilika na kilichobaki, unajua ilimea lini, na mlima ulikuwa unafanya nini.

Nikamwonyesha kucha zangu. "Kama hii?" Nilipaka hina kwenye harusi ya jirani, na kwa chini ukucha ulikuwa umeshaota mweupe. Wanawake wa kwetu hawaulizi harusi ilikuwa lini, wanatazama weupe umefika wapi.

Alinishika kidole, akakitazama mpaka tunafika. "Kama hiyo, bibi."

Ilala tulipiga hodi tukakaribishwa chumbani. Bibi harusi amekaa mkekani, mkono wa kulia unang'aa kama samaki, machozi yanamlengalenga. Somo, mama wa makamo mwenye mikono minene, alikuwa na bakuli mapajani. Kopo letu tupu lilikuwa pembeni.

"Shikamoo," mjukuu wangu akasema, lakini macho yako bakulini.

"Marahaba. Bibi wewe," somo akanigeukia, "singo yako ina meno. Lakini tazama inavyong'arisha."

Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayeambiwa pilau lake ni la msibani.

"Jiwe?"

"Jiwe."

"Nimeshachanganya marashi na manjano. Na mkono mmoja nimeshamaliza. Nimtoe mbele za watu mkono mmoja wa malkia, mwingine wa mpika maandazi? Silitoi."

"Na mimi mbona hamniulizi?" bibi harusi akasema. "Inachuna."

"Uzuri unachuna," somo akamjibu.

Nikamnong'oneza mjukuu wangu: marashi hayajaliharibu? Akatikisa kichwa. "Saa yake iko ndani ya punje. Imepikwa chini ya milima, waridi litaifanya nini?" Halafu akapiga magoti mbele ya somo, kwa adabu. "Mama, kinachong'aa ni ulanga, na ulanga siuhitaji. Mimi nataka zile nyekundu tu, zinazochuna. Nipe makarai mawili na maji."

Somo alifikiri. Bibi harusi ndiye aliyenyanyuka kuyaleta.

Mtoto akamimina bakuli karaini, akaanza kuzungusha, anainamisha, anamwaga polepole kwenye karai la pili, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, ila yeye anayataka hayo mawe. Manjano yakaondoka kwanza. Ulanga, mwepesi, ukafuata maji kama magamba. Chini zikabaki punje nyekundu, nzito. Nyingine zilikuwa zimeshapotelea kwenye mkono wa bibi harusi na mkekani. Akazikusanya kwenye kitambaa cheupe, akazitazama sana.

"Zinatosha," akasema. Hapo ndipo alipolia.

Somo akachota ulanga, akaupaka mkono wa kushoto wa bibi harusi. Uliteleza kama mafuta.

"Hii ndiyo singo," bibi harusi akasema.

Tukingoja kitambaa kikauke, somo alimvuta mjukuu wangu mkono, akampaka hina ukucha wa kidole kimoja. Pole ya watu wa pwani. Punje zikarudi koponi, na kopo likamfikia mwalimu kabla hajaondoka. Na mpaka leo watu wa Ilala wananijia kuulizia ile ya kung'aa. Nawaambia wapande Uluguru.

Majibu yalichukua muda mrefu. Alinijia nayo kwenye simu, akanipanulia picha ya punje moja, imekatwa katikati. Moyo wake ni wa kale, ganda lake la baadaye sana. Miaka aliyoitaja kichwa changu hakikuishika. Nilichoshika ni hiki: ile milima ilibanwa ikapikwa, ikatulia, kisha ikabanwa ikapikwa tena.

"Tulidhani mara moja tu, bibi."

"Mimi nimeolewa mara mbili," nikamwambia, "sishangai."

Akacheka mpaka simu ikamtetemeka mkononi. Nikaushika ule mkono ili nione picha vizuri, nikaona kidole cha hina. Ukucha wote ulikuwa umeota mweupe. Wekundu ulibaki nchani, mwembamba kama mwezi mwandamo.