Radhi ya Suad

Likoni walimwita Obeid Upepo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa simu ya upepo, na kwa kuwa watu wetu hawawezi kumwona mtu akilipwa mshahara amekaa kitini wasimpachike jina. Kila siku alivuka feri, akakatiza kisiwa, akapanda hadi kituo cha redio kule Changamwe, akavaa vyombo vya masikioni na kusikiliza meli. Meli ikipata ajali baharini ilimpigia kwa nukta na mistari. Mafundi wa nchi kavu waliitwa waseme tundu lizibwe vipi na pampu ipi iwashwe, naye akawagongea wa melini majibu.

"Wewe ni baharia wa masikio," shemeji yake Hamdun alipenda kumtania. "Hujatapika hata siku moja!"

Hamdun alikuwa mume wa Suad, dada mkubwa wa Obeid. Alichochea makaa kwenye boila za Salwa, meli kuukuu iliyochukua abiria na shehena hadi Tanga, Lindi na Mtwara. Mama yao alipofariki, Suad ndiye aliyemlea Obeid, akamwogesha, akampeleka chuoni kusoma Kurani na baadaye skuli. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Kwa Obeid dada na mama walikuwa mtu mmoja.

Mwaka ule wa mafuriko, watu wakigombana barazani habari za Mwambao, kama pwani ijitenge na bara au isijitenge, Salwa ilipanda mwamba kusini, karibu na mpaka wa Tanganyika. Ilikuwa mchana, na zamu ilikuwa ya Obeid. Mhandisi wa wenye meli, Mzungu mtu mzima, aliletwa mbio kwa gari na michoro ya Salwa kwapani. Akaitandaza mezani, akaanza kuuliza, na Obeid akagonga. Maji yameingilia wapi? Chumba cha boila. Yamefika kwenye injini? Yanaingia, mlango wa chuma ulioko baina ya vyumba hivyo uko wazi. Mbona hamjaufunga?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, Obeid aliliandika herufi moja moja: wachochea makaa watatu wamo ndani, lundo la makaa limewaporomokea, tunajaribu kuwatoa.

Obeid alijua kuwa Hamdun yumo Salwa. Asilolijua ni kama zamu ile ya boila ilikuwa yake, maana walikuwa wakipokezana. Angeweza kuuliza majina. Swali lenyewe lilikuwa la neno moja tu, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya chombo. Hakuuliza.

Mhandisi alipitisha kidole juu ya mchoro. Chumba cha injini kikijaa, pampu zitazimika, na Salwa itazama na wote waliomo, hata wanawake na watoto waliokaa sitahani. "Waambie wafunge," akasema. "Sasa hivi." Obeid akagonga. Baadaye meli ikajibu: umefungwa. Mhandisi alitoka nje, akasimama juani bila kofia. Obeid alibaki kitini, kwa sababu meli ilikuwa bado inauliza habari za pampu.

Salwa ilivutwa na tagi hadi Kilindini. Abiria walishuka na mizigo yao, wengine wakilia, wengine wakigombania mapakacha. Maji yalipokwisha kupigwa nje, wale watatu wakatolewa. Mmoja alikuwa Hamdun.

Kwetu mwanamume huoshwa na wanaume wa kwao, na shemeji hakwepi. Obeid alikunja mikono ya kanzu. Aliosha kichwa, akaosha kifua, na alipofika kwenye vidole akaona kucha zimeng'oka na ngozi ya ngumi imechunika. Makaa hayakumuua Hamdun. Alikuwa amejikwamua, akaufikia mlango. Obeid alimaliza kumwosha, akamkafini, akabeba jeneza, akaingia kaburini kumpokea. Nimewasikia wasemao kuwa ana moyo wa jiwe, eti hakulia. Waongo wakubwa! Mimi nilisimama karibu naye pale makaburini, nikayasikia meno yake yakigongana juani.

Watu walifarijiana kuwa aliyekufa maji ni shahidi. Obeid hakufarijika. Aliyemdhulumu marehemu huomba radhi kwa wafiwa, na yeye aliamini amedhulumu. Kama ni kweli, mimi si kadhi. Tena kazi yake ilikuwa na kiapo kwamba ya hewani hayatoki nje ya chumba. Angeweza kujificha nyuma ya kiapo hicho mpaka kufa kwake, asilaumiwe na mtu. Alikwenda na kurudi kumtazama dada yake ndani ya eda, akakaa, akanywa kahawa, akaondoka. Alikonda hata kanzu ikawa yamning'inia. Siku moja baada ya alasiri, wanawake wa jirani walipotoka, akasema.

"Dada, amri ya kufunga ule mlango ni mimi nilopiga. Ni kwa mkono huu."

Suad aliiweka tasbihi chini. "Walikwambia yumo nani?"

"Walisema watatu. Hawakutaja majina."

"Nawe hukuuliza?"

"Sikuuliza. Ningejua ni yeye, wallahi mkono ungekataa. Na meli ilikuwa na watu, dada. Ilikuwa na watoto. Niwie radhi."

Suad aliichukua tena tasbihi. "Hao wawili nao wana wenyewe," akasema. "Nenda kwao kwanza, kisha uje kwangu."

Obeid akaenda. Kule Mjambere alimkuta Nyamvula, mjane wa Mwarandu, mmoja wa wale wawili, akipalilia mihogo. Alimsikiliza akiwa na jembe mkononi. "Kama mlikuwa na watoto mle," akasema, "hata Mwarandu mwenyewe angesema fungeni." Akamng'olea mihogo miwili mitatu aende nayo. Kule Changamwe, Rosalia, mama wa kijana wa tatu, alimpigia kelele na kumfukuza uani, kisha akamfuata njiani, akamshika mkono, akamwambia amemsamehe, aende salama. Obeid alivuka kurudi Likoni na uso wake wa zamani. Niliamkiana naye ferini, akacheka.

Alimhadithia dada yake yote, na mihogo akaiweka mbele yake.

"Alhamdulillahi," Suad akasema. "Wamekupa radhi."

"Na wewe, dada?"

"Wale hawakuwa na ndugu mle kituoni, Obeid. Mimi nalikuwa naye."

Akaiokota mihogo, akaenda jikoni kuimenya, maana alimwona hajala. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa alikuwa bado akimpikia kila Ijumaa, na radhi hajampa.