Siku Mama Halima Aliponiuliza Kama Ninacheza

Kuna Jumapili moja, mjukuu wangu Shakila, ambayo nikiifikiria naona hata rangi ya vikombe tulivyowawekea wageni. Ni siku Mama Halima, shangazi yake Yahya, kijana aliyetaka kunioa, aliponiuliza mbele ya watu wazima kama ni kweli ninacheza michezo ya televizheni. Najua swali hilo litakuchekesha. Leo mtu akikuuliza hivyo, ni kama amekuuliza kama unakunywa maji. Lakini wakati ule, hapa Bujumbura, jibu lake liliweza kumkosesha msichana mume.

Nimekuwa nikitaka kukueleza habari hii tangu Ijumaa, uliporudi kutoka shule ukaniambia mambo ya yule mwenzako. Kaa vizuri. Mimi sina haraka, na chai bado ipo.

Unajua baba yangu, fundi Shabani, babu yako mkubwa, alikuwa anatengeneza redio na televizheni hapa Buyenzi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mimi nilipomaliza shule nikawa namsaidia. Mchuuzi mmoja aliyeshuka na meli kutoka Kigoma alituletea mashine ya michezo iliyokufa, akasema atarudi kuichukua. Hakurudi. Baba akaifungua, akaunga nyaya, akaichomeka kwenye televizheni ya mteja ili aone kama imepona. Akatokea mtu mdogo kwenye kioo, anakimbia na kuruka mashimo. Baba akacheka, akanipa kile kishikio cha vitufe, tulichokuwa tunakiita manete kama Wafaransa. Akasema, "Jaribu we, mi nina kazi."

Nikajaribu, na sikuacha tena.

Sitaki udhani kulikuwa na umati. Vijana wa maana, kama watu walivyosema, walikuwa uwanjani wanacheza mpira, au wanasimama barabarani kuangalia wasichana. Waliokuja kwetu walikuwa wachache sana. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa hesabu mwenye miwani mizito, aliyekuwa akiongea na watu huku anaangalia ukuta. Kulikuwa na fundi cherehani asiyesikia, ambaye alikuwa anaucheza mchezo wa magari vizuri kuliko sisi wote. Na kulikuwa na mimi, msichana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Majirani walituita wagonjwa wa televizheni. Mama yangu alipokwenda sokoni, wanawake walimuuliza kama nimepata dawa.

Yahya alikuja kwanza kwa sababu ya redio. Alikuwa karani bandarini, anashughulika na karatasi za mizigo, na familia yake ilikaa Ngagara, kwenye zile nyumba za watumishi wa serikali. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, anasalimia vizuri. Redio ikapona siku hiyo hiyo, lakini wiki iliyofuata akarudi nayo akasema inakwaruza. Haikuwa inakwaruza. Baba aliisikiliza, akaniangalia, akairudisha mezani.

Yahya alitaka kucheza. Sharti lake lilikuwa moja: tufunge pazia la mlango ili mtu anayepita njiani asimwone. Mimi sikuona ubaya. Nilimfundisha. Alikuwa na mkono mzito mwanzoni, kila shimo anaanguka, kisha anacheka mpaka machozi yanamtoka. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kushindwa kama yeye. Tukazoeana hapo, baba yangu akiwa mezani kwake na moshi wa risasi ya kuungia nyaya, pazia limefungwa. Miezi ikapita. Siku moja Yahya akamwomba baba ruhusa ya kuwaleta wazee wake.

Ndiyo hiyo Jumapili.

Walikuja watatu, na mkubwa wao alikuwa Mama Halima. Mwanamke mrefu, amevaa kitenge kipya, anaongea polepole kwa sababu hakuna aliyewahi kumkatiza. Asubuhi hiyo mama alikuwa amenivuta jikoni. Alikuwa amesikia kwamba maneno ya sokoni yamefika Ngagara.

"Wakikuuliza, sema apana," aliniambia. "Sema ni watu wanasema tu. Iishe."

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Basi wakanywa chai, wakala sambusa, wakasifu nyumba. Kisha Mama Halima akaweka kikombe chini.

"Mwanangu Mariamu," akasema, "mi napenda kuuliza mutu mwenyewe, sipendi ya barabarani. Wanasema unachezaka ile michezo ya watoto mu televizheni. Pamoja na wanaume. Ni kweli?"

Mama akaanza kuwapitishia wageni sambusa tena. Yahya alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nilimwangalia. Nilidhani atasema neno, hata neno dogo, hata mzaha. Akaangalia viatu vyake.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Nacheza. Baba yangu anakuwaka palepale, na mulango uko wazi kwa mutu yeyote anataka kuingia."

"Mutu muzima?" akauliza. "Mwanamuke wa kuolewa?"

"Ndiyo, Mama. Naipenda."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alimgeukia Yahya, akamuuliza kwa sauti ileile ya polepole, "Na we ulikuwa unajua?"

Yahya akajibu, "Mi sijui hayo mambo, Shangazi. Mi nilikuwa naleta redio."

Mwanangu, kila mtu wa nyumba yetu aliyekuwa pale alijua. Mama alijua. Dada yangu mdogo alijua, akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Baba yangu alijua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaipokea ile redio isiyo na ubovu. Nilimngoja aseme. Alikuna kidevu chake, akasema tu, "Binti yangu amejibu kitu ameulizwa. Karibuni mumalizie chai."

Wakamalizia. Wakaaga kwa heshima. Hatukusikia tena habari yao, na Yahya hakuleta tena redio.

Siku zilizofuata nilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Nilitaka kupanda basi niende Ngagara, nisimame mlangoni kwao, niseme kila kitu: pazia, kicheko, yote. Nilivaa hata viatu. Baba akanikuta uani.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kuwaambia ukweli wa Yahya."

"Apana," akasema. "Ukweli wako umesema, na umesema vizuri. Ule wa Yahya ni wa kwake. Muachie. Ukienda kumusemea leo, hatajifunza kuusema mwenyewe."

"Na mi nakaa na aibu peke yangu?"

"Aibu gani? Umeulizwa, umejibu. Vua viatu."

Nilivua, lakini nikasusa. Nikakaa muda bila kugusa manete. Mwanafunzi wa miwani akija, namwambia mashine imeharibika. Baba akavumilia, kisha siku moja akaniita karakana, akanikalisha.

"Kama unaacha sababu imekuchosha, acha, mi nitaiuza," akasema. "Lakini kama unaacha sababu ya Mama Halima, washa."

Nikawasha. Mtu wa miwani alifurahi hata akasahau kuangalia ukuta.

Mengine unayajua, kwa sababu umeyakuta. Nilifungua chumba changu cha michezo, televizheni mbili na mabenchi, watu wakasema Mariamu amepotea kabisa. Miaka mibaya ya vita ilikuja mjini, tukafunga, tukafungua, tukafunga tena. Kisha ikaja michezo ya mpira wa miguu, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, nakumbuka vizuri. Maana mpira ni wa kila mtu. Wale vijana wa uwanjani waliokuwa wanatucheka wakaingia, kwanza mvua ikinyesha, kisha hata jua likiwaka. Hakuna aliyeniomba kufunga pazia. Wakaja na kaka zao, na wajomba zao. Kinyozi wa Cibitoke akaweka televizheni na manete ili wateja wasubiri bila kulalamika. Halafu simu zikaja, na mchezo ukaingia mfukoni. Leo dereva wa taksi-moto, hizi pikipiki za abiria, akingoja mteja anacheza. Vijana wa parokia wanafanya mashindano, na vijana wa msikitini wanauliza kwa nini wao hawajafanya. Nimekwenda harusi ambapo bwana harusi alipewa zawadi ya mashine, na mama mkwe ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Na mimi niliolewa, usiwe na wasiwasi. Babu yako Hasani alikuwa fundi wa magari. Hajui kucheza hata kidogo. Lakini alipokuja kuniposa, kitu cha kwanza alichomwambia baba ni hiki: "Mi nimesikia anacheza. Acheze tu, ila mi asinicheze." Baba alicheka mpaka akakohoa.

Sasa nikukumbushe yale mashindano ya mwaka jana kule ukumbini, uliposhiriki wewe na ukatoka nusu fainali. Mimi waliniweka mbele kwenye viti vya wazee. Unamkumbuka yule mzee wa suti aliyekabidhi vikombe, mfanyabiashara mwenye maghala karibu na bandari? Alishika kipaza sauti akasema yeye ni miongoni mwa wachezaji wa kwanza mjini. Akasema, "Wakati ule walikuwa wanatucheka, lakini sisi hatukuogopa." Watu wakampigia makofi. Na wewe ulipiga.

Alikuwa Yahya.

Sikupiga makofi, wala sikununa. Nilikaa tu. Alipokuwa anashuka jukwaani aliniona. Alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau njia, kisha akaja. Wewe ulikuwa pembeni unagombania soda na wenzako.

"Mariamu," akasema. "Umesikia niliyosema pale."

"Nimesikia."

"Ulitaka niseme nini?"

"Si mi wa kukuambia, Yahya."

Akakaa kwenye kiti cha jirani bila kukaribishwa. Alikuwa amezeeka, mikono yake ina madoa kama yangu. Akawaangalia vijana waliokuwa wanapiga kelele kote.

"Mi nilikuwa namuogopa Shangazi," akasema mwishowe.

"Hata mi nilikuwa namuogopa," nikamwambia.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika sana, akaondoka. Ndipo ukaja na soda ukaniuliza yule mzee ana nini, mbona macho yake mekundu. Nikakwambia ni mteja wa zamani. Haikuwa uongo, lakini haikuwa yote, na leo nimekupa yote.

Sitaki umwone Yahya ni mtu mbaya. Nasikia amelea watoto vizuri na anasaidia wengi. Lakini amebeba neno lile dogo, "sijui hayo mambo," tangu ujana hadi mvi, na siku dunia yote ilipoanza kupenda alichokipenda yeye kwa kujificha, bado furaha yake haikuwa nzima. Alipigiwa makofi akiwa anajua kwamba aliogopa.

Basi tuje kwa yule mwenzako wa darasani, kijana anayekwenda mdomoni mwa mto Rusizi, unapoingia ziwani, siku za Jumamosi kurekodi sauti za ndege kwa simu. Umeniambia darasa zima linamcheka. Umeniambia pia, na hapo ulishusha sauti, kwamba ulikwenda naye mara moja, mkamsikiliza ndege mmoja mpaka jua likawa kali, na ulipenda. Kisha Ijumaa wakakuuliza kama ni kweli ulikwenda naye, ukasema apana, na yeye alikuwa amesimama pale.

Nasaha yangu ni fupi. Sikuambii upende ndege. Sikuambii upigane na darasa zima, wala uwe shujaa. Usingoje pia siku ndege watakapokuwa fasheni ya mji. Pengine haitafika, na ikifika, itakukuta kama ilivyomkuta Yahya. Jumatatu nenda shuleni. Wakianza kumcheka, sema tu, "Mi nilienda naye, na nilipenda." Sema mbele ya wale wale walioisikia ile apana. Utaogopa. Mimi niliogopa, na mama yangu aliogopa kuliko mimi, na bado maneno yalitoka. Wakikucheka, watacheka wawili badala ya mmoja, na kwa huyo kijana hiyo ni tofauti kubwa sana. Mimi najua, kwa sababu nilikaa kwenye kiti chake.

Na mtu akija mlangoni kwako akakuomba ufunge pazia ili mcheze pamoja, mfungie, usimwaibishe. Lakini moyo wako usiutie mkononi mwake mpaka umwone akicheza pazia likiwa wazi.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kusema unachokipenda, na macho ya kumwona anayechekwa. Akupe marafiki wasioangalia viatu vyao ukiwatazama. Akulinde njiani, akurudishe nyumbani kwa amani kila jioni, na akuzeeshe bila neno linalokuuma. Amina, mwanangu.