Mashine Tatu za Florian

Florian wa Kiabakari namfahamu tangu hajui kufunga tai. Miaka ile ya dhiki, sabuni hakuna, chumvi hakuna, yeye alikuwaga fundi kwenye kiwanda chetu cha kuchambua pamba hapa Bunda. Mimi nililisha pamba mashine ya pili. Beringi ikifa, Florian huyohuyo anachomoa ya mashine jirani, na kwenye mashine yangu alichomeka shafti la trekta bovu, akagonga mpaka likaingia. Kazi ikaenda. Wakubwa wakitangaza ziara, tunazipaka mashine zote tatu rangi ya kijani, zinafanana kama mapacha. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, tajiri akanunua kiwanda. Akasema mashine zote zikiamka kabla ya msimu, wote tunabaki. Mashine itakayolala, watu wake waende kwao.

Akampeleka Florian Dar kujifunza kuchora kwa kompyuta. Akarudi na tai, akapewa kiti ofisini kwa tajiri huko Mwisenge, Musoma, akapanga nyumba Kitaji. Bunda hakukanyaga tena. Nikamfuata mwenyewe, maana kibarua changu kilikuwa mikononi mwake.

"Mama Robi, ona," akasema, kidole kwenye kioo. "Kila kipande nimekichora mara moja tu. Nikigusa hapa, mashine zinakuwa mbili. Nikigusa tena, tatu. Orodha ya vipuri inajizidisha yenyewe, mpaka nati."

"Na lile shafti la trekta, baba, ulilochomeka kwenye mashine yangu?"

Akacheka. "Hayo ya zamani, mama. Humu ndani hamna trekta."

Ya zamani, eti! Asubuhi ileile nilikuwa nimelifuta vumbi. Mtu anayasahau mapigo ya nyundo yake mwenyewe kwa sababu ya kiti cha kuzunguka.

Vipuri vikaja na lori, vya mashine tatu zilizofanana. Kwenye ya kwanza vikaingia vizuri. Kwenye yangu beringi ikakataa shafti. Kwenye ya tatu hata matundu ya bolti hayakukutana. Nje pamba ya wakulima imeshajaa ghalani mpaka kwenye kenchi za paa. Florian akaja, akapima, akajikuna, akatuambia mashine ndizo zimekosea. Mtu mzima hovyo. Akapanda gari akarudi zake Musoma kurekebisha, na sisi wajinga tukamsubiri.

Sasa nauza sato pale stendi. Juzi kapita na tai yake, kaniagiza nimfungie wawili wanono. Akaniambia tajiri amefurahi sana, mchoro sasa hauna kosa hata moja, orodha na kiwanda vinalingana.

Kweli vinalingana. Alizifuta mashine mbili, na kwenye moja nilikuwa nimesimama mimi.